Darubini ya Vijana Wetu na Gharama ya Mnara



Wapendwa katika Kristo, katika Injili ya Luka Bwana wetu asimulia habari za mtu atakaye kujenga mnara. Mtu huyo, akiwa na busara, huketi kwanza akahesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi na kuwa kichekesho cha wapita njia. Mfano huu tumezoea kuusikia ukielezwa kwa habari ya ufuasi, ya ndoa au ya wito wa upadre. Juma hili tunaomba ruhusa yenu tuutumie kwa jambo ambalo huenda hamkutegemea kulisoma hapa, nalo ni ununuzi wa darubini ya kupigia picha nyota.

Chanzo chake ni hiki. Usiku wa Dominika, tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipatwa wote mbele ya macho ya Afrika Mashariki, ukawa na rangi ya shaba tangu saa mbili na nusu hadi karibu saa nne. Vijana wetu wa VIWAWA walikesha uwanjani mwa kanisa, simu mikononi. Walichopata kwenye simu hizo kilikuwa doa jekundu, kubwa kidogo kuliko punje ya mtama. Tangu usiku ule wakaanza kuchanga. Dereva wa bodaboda alitoa faida ya siku moja katika kila juma, fundi cherehani akatoa alichopata kwa kushona sare za shule, na wanafunzi wawili wakauza kuku wao. Walipofikisha shilingi 1,150,000 walikuja ofisini kwetu kuomba baraka ya kwenda kununua.

Pamoja nao yakaja maswali mawili. La kwanza lilitoka kwa mama mmoja wa WAWATA, ambaye kigango chao kinavuja kila masika. Alituuliza kwa upole, lakini bila kuzunguka: “Padre, hizo nyota zitatuezekea kigango?” La pili lilitoka kwa yule dereva wa bodaboda. Alikuwa ameiona darubini katika duka moja mjini, ndani ya boksi lenye picha ya galaksi ya rangi nyingi na maandishi makubwa kwamba inakuza mara 675. Alituambia: “Baba Paroko, bei tunaiweza. Ila tunaogopa tusije tukapigwa. Tuchukue ile?” Maswali yote mawili yana haki ya kupata majibu ya kweli, kwa maana nyuma yake kuna jasho la watu.

Tuanze na la mama. Fedha ya kigango ina mfuko wake, nao haujaguswa. Hata hivyo jibu hilo la mhasibu halitoshi, kwa sababu mama hakuuliza juu ya vitabu vya hesabu. Aliuliza kama ni halali kwa maskini kutumia jasho lake kwa kitu kisicholiwa wala kuvaliwa.

Yuko mtu aliyewahi kuteswa na swali hilohilo. Bruda Guy Consolmagno, Mjesuiti na mtaalamu wa elimu ya anga, aliongoza Kituo cha Vatikani cha kuchunguza nyota tangu mwaka 2015 hadi 2025. Kabla ya kuwa mtawa alikuwa mtafiti huko Marekani, na alipofika umri wa miaka 30 hivi akajiuliza anahangaikia nyota za nini ilhali kuna watu wanaokufa kwa njaa. Akaacha kazi, akajitolea katika Peace Corps, akaletwa Kenya mwaka 1983. Alikuwa tayari kufanya lolote atakaloambiwa, na alichoambiwa ni kufundisha fizikia na elimu ya anga, hata katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba kila alipokwenda vijijini na darubini yake ndogo, watu walijipanga kutazama mashimo ya mwezi na pete za Zohali, wakatoa sauti zilezile za mshangao alizozisikia nyumbani kwao. Hapo ndipo alipopata jibu lake: njaa ya kujua imo ndani ya kila mwanadamu, na kumwambia maskini kwamba njaa hiyo haimhusu ni kumpunguzia ubinadamu wake. Mwaka 1989 alijiunga na Wajesuiti.

Kanisa nalo limelijua jambo hili tangu zamani. Papa Leo XIII alikianzisha upya kituo hicho cha Vatikani mwaka 1891. Kabla yake, padre Mjesuiti Angelo Secchi alisafiri hadi Hispania mwaka 1860 kupiga picha za kupatwa kwa jua. Picha zake, zilipolinganishwa na zile za Mwingereza Warren de la Rue aliyekuwa mahali pengine nchini humohumo, zilisaidia kuthibitisha kwamba ndimi za moto zinazoonekana pembeni mwa jua ni za jua lenyewe. Kwa hiyo kijana Mkatoliki anayeelekeza kamera mbinguni anaendeleza kazi ya nyumbani kwake.

Tuongeze neno moja la kichungaji. Tunasema habari za elimu ya anga, ambayo hupima na kuchunguza. Kusoma bahati katika nyota, kwa mganga au katika safu za magazeti, ni jambo jingine kabisa, nalo limekatazwa wazi katika Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kifungu cha 2116. Kijana aliyejifunza jinsi nyota zinavyokwenda hadanganywi kirahisi na mtu anayemuuzia bahati kwa jina la nyota.

Sasa tuje kwa dereva wa bodaboda na boksi lake la mara 675.

Namba hiyo inatoka wapi? Ukuzaji wa darubini hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi wa lenzi kubwa ya mbele kwa urefu wa fokasi wa ile lenzi ndogo tunayoweka jicho. Darubini ya duka lile ina urefu wa milimita 900, na lenzi yake ndogo kuliko zote ni ya milimita 4. Ukigawa unapata 225. Kisha ndani ya boksi mna lenzi ya nyongeza izidishayo mara tatu, na hapo ndipo 675 inapozaliwa. Hesabu ni sahihi, lakini ahadi ni ya uongo. Kwa kawaida ukuzaji wenye faida hauzidi mara mbili ya kipenyo cha lenzi ya mbele kikihesabiwa kwa milimita. Lenzi ya darubini ile ina kipenyo cha milimita 60, basi kikomo chake ni kama mara 120. Kupita hapo unakuza ukungu. Ni kama kuongeza maji kwenye chai: kikombe hujaa, chai haiongezeki.

Isitoshe, mpiga picha za nyota hana haja kubwa na ukuzaji. Adui yake wa kwanza ni mwendo. Dunia yetu hujizungusha, nasi huona anga likipita nyuzi 15 kila saa. Kwa kipimo cha macho, kila dakika mbili anga husogea kiasi cha upana wa mwezi mpevu. Jicho halisumbuki kwa hilo. Kamera husumbuka, kwa sababu nuru ya nyota ni hafifu na inabidi iachwe iingie kwa sekunde nyingi, na katika sekunde hizo nyota hutembea na kuacha mchirizi badala ya nukta.

Wapiga picha wana kanuni nyepesi ya kukadiria: gawa 500 kwa urefu wa fokasi wa lenzi, utapata sekunde unazoweza kuiacha kamera wazi kabla michirizi haijaonekana. Lenzi ya milimita 25 inakupa sekunde 20. Ya milimita 50 inakupa sekunde 10. Na kwa kamera nyingi za bei nafuu, zenye kihisi kidogo cha nuru, punguza theluthi moja. Ile darubini ya milimita 900 haikupi hata sekunde moja. Hapo kijana wetu alinyamaza, akatazama sakafu, kisha akauliza: “Kwa hiyo wenye picha zile wanafanyaje?”

Wanafanya hivi: wanakifikiria kinachobeba kabla ya kukifikiria kinachobebwa. Kitu cha kwanza katika mnara huu ni stendi, yaani miguu mitatu na kichwa chake, na kwa picha za nyota kichwa hicho lazima kiwe cha aina ya kiikweta. Kina mhimili mmoja unaolazwa sambamba na mhimili wa dunia, na mota inayouzungusha polepole, mzunguko mmoja kwa karibu siku nzima, kinyume cha mzunguko wa dunia. Dunia ikigeuka huku, mota inageuza kamera kule, na nyota inabaki palepale kwenye picha kwa dakika nzima au zaidi. Stendi dhaifu hutikisika hata kwa upepo wa jioni, na lenzi bora kuliko zote ikiwekwa juu yake huleta picha iliyotikisika. Ndiyo maana wenye uzoefu hutumia sehemu kubwa ya fedha yao kwa stendi, na huiwekea mzigo usiozidi nusu ya uzito ambao mtengenezaji anasema inaweza kuubeba.

Hapa sisi wa nchi hizi tuna jambo letu la pekee, ambalo mashauri yaliyoandikwa kwa watu wa Ulaya hulipita. Mhimili ule lazima uinuliwe kwa nyuzi sawa na latitudo ya mahali ulipo. Mwanza iko karibu nyuzi 2 na nusu kusini mwa ikweta, Dar es Salaam karibu 7, Mbeya karibu 9. Stendi nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya nchi zilizo mbali na ikweta, na baadhi yake haziwezi kulazwa chini kiasi hicho. Kabla ya kutoa fedha, muulize muuzaji swali moja: “Kichwa hiki kinashuka hadi nyuzi ngapi?” Asipojua, usinunue mpaka ajue.

Aidha, watu wa kaskazini wana nyota angavu ya kuwaonyesha ncha ya anga, na sisi hatuna. Ncha ya kusini iko chini kabisa karibu na upeo wa macho, na nyota iliyo jirani nayo ni hafifu mno. Tutaanza kwa dira na pimamaji, tupige picha ya majaribio, tutazame michirizi, kisha turekebishe tena na tena. Chagueni pia uwanja ambao upande wa kusini hauna mwembe wala mlima.

Baada ya stendi, kamera. Kamera iliyotumika ya Canon au Nikon, ile ya kubadilisha lenzi, inatosha sana, mradi iweze kuongozwa kwa mkono na kuhifadhi faili ghafi. Mkiinunua kwa mtu, toeni lenzi mmulike kwa tochi kutoka upande wa pili. Mkiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, achaneni nayo. Lenzi ya milimita 50 ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kuliko zote, nayo inaona vitu ambavyo babu zetu walivijua kwa macho: Njia Nyeupe, Msalaba wa Kusini, Kilimia.

Bomba la darubini linakuja mwisho. Kwa anayeanza picha, la lenzi lenye kipenyo cha milimita 60 hadi 80 na urefu wa fokasi wa milimita 400 hivi linafaa kuliko bomba refu, kwa kuwa ni jepesi, linachukua eneo pana la anga, na linasamehe makosa madogo ya stendi. Tafuteni lenye vioo vya mtawanyiko mdogo wa rangi, vinavyotambulika kwa herufi ED. Vioo vya kawaida huzizungushia nyota angavu duara la zambarau. Bomba la kioo cha kuakisi la milimita 130 hukusanya nuru nyingi zaidi kwa fedha ileile, lakini ni zito, hushika upepo, na vioo vyake huhitaji kunyooshwa mara kwa mara. Lile la aina ya Dobson, linalokaa juu ya kiti cha mbao na kusukumwa kwa mkono, ni zuri mno kwa kutazama. Jumuiya nzima inaweza kupanga foleni ikaona pete za Zohali, na simu ikishikizwa vema kwenye lenzi ya jicho huleta picha nzuri ya mwezi. Kwa picha za mawingu ya gesi na galaksi, halifai.

Tangu mwaka 2023 kumekuwa pia na darubini ndogo zinazojiendesha zenyewe, kama Seestar S50, yenye lenzi ya milimita 50, kamera na mota ndani ya kasha moja. Unaiongoza kwa simu, nayo inatafuta nyota, inapiga na kuunganisha picha. Hatuoni ubaya ndani yake. Kwa mgonjwa, kwa mzee, au kwa shule isiyo na mwalimu wa somo hili, huenda ikawa ndiyo chaguo bora. Kwa vijana wanaotaka kujifunza kwa nini jambo linatokea, tunaona ni afadhali waanze na vipande wanavyoweza kuvifungua na kuvielewa.

Kuna onyo moja ambalo hatutalifupisha. Darubini isielekezwe kwenye jua hata mara moja bila kichujio maalumu kilichofungwa mbele ya bomba, upande wa jua. Darubini nyingine za bei rahisi huja na kipande cheusi cha kuweka kwenye lenzi ya jicho. Kitupeni, kwa kuwa joto laweza kukipasua ghafla, na jicho hupotea kabla mwenyewe hajahisi maumivu. Wale waliokwenda Rujewa tarehe 1 Septemba 2016 kutazama jua likipatwa kwa umbo la pete wanakumbuka jinsi watu walivyosisitiziwa miwani. Darubini ni hatari mara nyingi zaidi kuliko jicho tupu.

Basi ushauri wetu ulikuwa huu. Darubini ya mara 675 ibaki dukani. Fedha iliyopo inunue kamera iliyotumika, lenzi ya milimita 50 na miguu mitatu iliyo imara. Michango ijayo inunue kichwa kidogo chenye mota cha kubebea kamera. Bomba litafuata mwaka mwingine, kama bado watalihitaji.

Hatutawaficha kwamba baadhi yao walinuna. Msichana yule fundi cherehani alisema kwa uchungu: “Padre, yaani tumechanga miezi yote hii, halafu turudi bila darubini?” Tulimwelewa. Kuna aibu fulani katika kuanza kwa kidogo mbele ya watu waliokuona ukichanga kwa ajili ya kikubwa. Mjenzi wa mnara katika Injili huogopa kuchekwa kwa kutomaliza; sisi mara nyingi huogopa kuchekwa kwa kuanza chini, na hofu hiyo ndiyo inayouza maboksi kama lile. Ndiyo pia inayowafanya watu wafunge harusi za mikopo, na wengine waahidi mbele ya altare sadaka wasizoweza kuzitimiza.

Tulimjibu kwa kumweleza jinsi picha ya nyota inavyopatikana. Hakuna anayeipata kwa mara moja. Unapiga picha moja ya sekunde 60, nayo ni chafu, imejaa chembechembe, na kitu unachokitafuta kinaonekana kwa shida. Unapiga ya pili, ya kumi, ya sitini. Kisha programu za bure kama Siril au DeepSkyStacker huzipandanisha zote kuwa moja. Nuru ya kweli, iliyopo katika kila picha, hujikusanya. Chembechembe, ambazo kila picha inazo kwa namna yake, hufifia. Hata hivyo kufifia huko kuna masharti yake: picha 4 hupunguza chembechembe kwa nusu tu, na ukitaka zibaki robo, zinahitajika picha 16. Kila ukitaka usafi maradufu, yakupasa subira mara nne. Sisi tunaosali rozari kwa miaka mingi na kuona tumebadilika kidogo sana, hesabu hiyo haitushangazi.

Tukamweleza pia habari za masista wanne wa Shirika la Maria Bambina: Emilia Ponzoni, Regina Colombo, Concetta Finardi na Luigia Panceri. Mwishoni mwa karne ya 19 vituo vya nchi mbalimbali vilipatana kupiga picha za anga lote, na Vatikani ikapewa sehemu yake. Picha hizo zilikuwa juu ya vioo, na kila nyota ilipaswa kupimwa mahali pake na mng’ao wake. Tangu mwaka 1910 hadi 1921 masista hao waliinamia hadubini, wakapima nyota moja baada ya nyingine, wengine wakitazama na mwenzao akiandika. Walipomaliza, nyota zilikuwa 481,215. Kwa miaka mingi majina yao hayakujulikana hadharani, mpaka yalipotangazwa mwaka 2016. Kama wangengoja kwanza chombo cha fahari, zile nyota zingebaki bila kuhesabiwa.

Kuhusu mahali pa kupigia picha, jawabu lilituletea furaha. Hapa parokiani taa za barabarani na za maduka hufuta nyota hafifu zote. Kigango cha mama yule wa WAWATA kiko mbali na mji, na usiku wake ni mweusi kama chungu. Watu wa miji mikubwa ya Ulaya husafiri mamia ya kilomita kutafuta giza la namna ile. Tena latitudo yetu inatuonyesha karibu anga lote, la kaskazini na la kusini. Miezi ya Juni hadi Agosti, mvua zikiwa zimekwisha katika sehemu nyingi, kitovu cha Njia Nyeupe hupita juu sana, karibu na utosi. Kuanzia Novemba hadi Februari, mawingu yakiruhusu, Kilimia huwa juu jioni. Wazee walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, nao wakapanga jembe lao kwa kukitazama. Nuru ya Kilimia inayoingia leo katika kamera ilianza safari yake miaka 440 hivi iliyopita, siku za Papa Gregori XIII aliyerekebisha kalenda mwaka 1582, kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593. Imesafiri muda wote huo. Kijana akikosa kuifunika lenzi yake na umande, ndipo inapopotelea kwenye ukungu.

Kwa hiyo tunzeni vifaa. Vumbi la kiangazi na unyevu wa masika huua lenzi kuliko wizi. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu msivitupe. Viwekeni kwenye mfuko wa kamera.

Tumekubaliana hivi na vijana: safari yao ya kwanza itakuwa kigangoni, usiku usio na mwezi, na kesho yake asubuhi watabaki pale kusaidia kupandisha mabati yaliyokwisha kununuliwa. Mama alipoambiwa alisema atawapikia ugali na maharage, ila naye akaweka sharti: aonyeshwe yeye kwanza. Hatujui kama hilo limejibu swali lake lote. Bati moja bado lina thamani kwake kuliko nyota mia, na mwenye kulala chini ya paa linalovuja ana haki ya kusema hivyo. Tunachoomba ni kwamba asilazimishwe kuchagua, na kwamba sisi wengine tuchange kwa bidii zaidi katika mfuko wa kigango, ambao hadi leo hii bado haujatimia.

Kwa wazazi ambao watoto wao watawaomba kitu cha namna hii, msiwacheke, wala msikimbilie dukani. Ketini nao kwanza, kama yule wa mnara. Waulizeni wanataka kuona nini, ni nani atakayebeba, na ni usiku mingapi wako tayari kukesha. Kisha tokeni nao nje, mzime taa ya mlangoni, mtazame juu pamoja kwa nusu saa. Hilo halina gharama, na mara nyingi ndilo linaloonyesha kama hamu ile itadumu.

Mwenyezi Mungu, aliyezifanya nyota na kuzijua zote, awabariki ninyi na familia zenu, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.

Hadi juma lijalo, tuombeane.